Geoffrey Milne, mchimba mashimo wa Amani aliyeusoma mteremko wetu

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, na mpira nao, maana wiki nzima ukiingia kafe ni hayo kwa hayo. Nawaletea mtu mmoja aliyefariki mwaka 1942. Wanaosoma elimu ya udongo wanalijua jina lake, kuanzia Marekani mpaka Australia, ila ukiuliza hapa kwetu, hata Muheza karibu kabisa na alipokuwa anaishi, utaambiwa huyo ndo nani tena. Anaitwa Geoffrey Milne. Kituo chake kilikuwa Amani, kule juu Usambara Mashariki, na kazi yake, ukiitazama juujuu, ilikuwa kuchimba mashimo.

Ndiyo, mashimo. Unachimba kama mtu anayetaka kujenga choo, halafu unashuka ndani unautazama ukuta wa shimo. Juu pana rangi gani, katikati pakoje, mizizi imefika wapi, mchwa wamepita wapi, maji yanapita au yanatuama. Unachukua udongo kidogo kidogo kwa kila kina, unafunga, unaandika, unahamia kwingine. Jamaa alikaa kwenye kazi hiyo miaka zaidi ya kumi katika nchi zetu hizi, na kwenye hayo mashimo ndimo lilimotoka neno moja ambalo mpaka leo mwanafunzi wa udongo lazima alijue.

Sasa kabla hujafunga huu ukurasa ukarudi kwenye picha za mastaa, ngoja nikwambie kwa nini anatuhusu. Tukisikia mabadiliko ya tabianchi tunawaza moshi wa viwanda na magari ya Ulaya. Sawa, huo upo, tena mwingi. Lakini udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko hewa yote na mimea yote ukijumlisha pamoja. Na hiyo kaboni haijakaa tu kimya kama fedha iliyofukiwa. Kuna viumbe humo chini wanaila, wanaipumua, wanaigeuza kuwa gesi hii au ile. Gesi gani itoke, na itoke kiasi gani, inategemea sana shamba lako liko juu kilimani, katikati ya mteremko, au chini bondeni. Mteremko huo ndio uliokuwa habari ya Milne.

Alizaliwa mwaka 1898. Kwa taaluma alikuwa mkemia wa kilimo, na kabla ya kuja huku alikuwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Mwaka 1928 akafika Amani kama mkemia wa udongo.

Hapa inabidi nisimame kidogo maana Amani yenyewe ni hadithi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, mita kama 900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu. Walileta miche kutoka pande zote za dunia wakaijaribu: kahawa, mpira, mikwinini, viungo, miti ya mbao. Vita ya kwanza ilipopamba moto na meli za Uingereza kuziba bahari, watu wa Amani ndio waliokuwa wakitengeneza kwinini na vitu vingine vya jeshi la Wajerumani. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia. Kituo kikalala miaka kadhaa, kikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kikiwa cha nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza. Milne aliingia katika ufufuo huo. Picha iweke kichwani: mtu katoka mji wa viwanda wenye baridi na moshi, kaja kwenye ukungu, kima na ruba.

Na swali la kwanza lililomkabili lilikuwa limeachwa na Wajerumani wenyewe. Katika miaka ya 1890 walipoiona Usambara Mashariki walichanganyikiwa na ule msitu. Miti mirefu, minene, kijani kibichi mwaka mzima. Wakasema moyoni kwamba udongo unaobeba msitu wa namna hii lazima uwe dhahabu tupu. Wakafyeka, wakachoma, wakapanda kahawa. Mwanzoni ikapendeza. Baadaye kahawa ikaanza kudorora na mashamba mengi yakafa. Pesa za wenye hisa huko Berlin zikaenda na maji.

Milne alichimba mashimo yake pale, na mwaka 1937, alipoanza kuchapisha mfululizo wa makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, ya kwanza aliitoa kwa udongo wa Usambara Mashariki na mashamba yake makubwa. Jibu lake ukilisikia unaweza kudhani ni fumbo. Ule udongo ni fukara! Mvua inayonyesha kule ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa maelfu ya miaka imeosha chumvichumvi zote za maana, imebaki tindikali. Utajiri wa msitu haumo ndani ya udongo. Umo katika mzunguko. Jani linaanguka, kuvu na bakteria na wadudu wanalishambulia, linaoza, mizizi iliyo karibu kabisa na uso inanyonya kabla mvua haijaiba, linapanda tena juu kuwa jani jipya. Msitu unakula akiba yake uleule kila mwaka. Ukiukata umeukata mzunguko wenyewe, na ardhi unayobaki nayo ni ganda.

Wenye mashamba ya mananasi hapa Kiwangwa, mnaisikia hiyo? Maana mimi nilipoielewa nilikaa kimya kidogo. Kwetu mvua si ya Amani, ni nusu yake tu, na udongo wetu ni kichanga chekundu, siyo ule wa milimani. Lakini mchezo ni uleule. Kijana anapata kipande chenye vichaka au msitu, anafyeka, anachoma, anapanda. Mavuno ya kwanza nanasi linakuwa kubwa mpaka magari ya Dar yanagombania pale barabara ya Msata. Mavuno yanayofuata linapungua. Baada ya miaka anaanza kutazama upande wa pili, kwenye kichaka ambacho hakijaguswa, na wakati huohuo jirani yake kakitazama kwa ajili ya mkaa. Mwisho wa hivyo vichaka ni msitu wa hifadhi, na huko nako kila mtu anajua kinachoendelea usiku.

Kilichotokea kwenye gesi ni hiki. Moto unatoa hewa ukaa papo hapo, hiyo unaiona kwa macho kama moshi. Usichokiona ni kile cha baadaye. Bakteria na kuvu waliozoea kuletewa majani kila siku sasa hawaletewi. Jua linapiga moja kwa moja, udongo una joto, jembe limeufungua hewa imeingia. Wanageukia mboji ya zamani, ile nyeusi iliyokusanyika kwa miaka mingi, wanaila taratibu na kuipumua kuwa hewa ukaa. Wanapumua kama mimi na wewe tunavyopumua, tofauti ni idadi tu: kwenye kijiko kimoja cha udongo hai kuna bakteria wengi sana, wanahesabiwa kwa mamilioni na zaidi. Mboji ikipungua udongo haushiki maji wala chumvichumvi. Kwa hiyo kupungua kwa nanasi na kupanda kwa gesi ni tukio moja, umelitazama tu pande mbili.

(Nanasi lenyewe halina kosa jamani. Ni mmea wa ajabu: unafungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana, unanyonya hewa ukaa gizani na kuihifadhi, asubuhi unaanza kuitengenezea chakula vitundu vikiwa vimefungwa, ili usipoteze maji. Ndo maana linavumilia kiangazi chetu. Ila linaacha udongo mwingi wazi kati ya mistari, na hapo ndo kazi.)

Turudi kwa Milne. Kubwa lililompa jina halikutoka Usambara, lilitoka kwenye tatizo la karatasi. Mwezi Mei 1932 wakemia wa udongo wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikutana Amani. Wakakubaliana wachore ramani moja ya udongo ya Afrika Mashariki yote, Zanzibar ikiwemo, na Milne ndiye akawa mkusanyaji. Ramani ilikuwa ya kipimo cha moja kwa milioni mbili, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 20 za ardhi. Sasa wewe fikiria. Kilomita 20 ni kutoka hapa kwetu unaelekea mbali sana, umepita vilima na mabonde mangapi? Na kila kilima kina udongo wake juu, mwingine ubavuni, mwingine chini. Ukitaka kuchora kila kimoja utahitaji karatasi ya kufunika uwanja wa mpira.

Akiwa katika hangaiko hilo, yeye na wenzake, hasa Martin wa Uganda, wakatambua kitu. Hizo aina za udongo hazikuwa zimetupwatupwa ovyo. Zilikuwa zinajirudia kwa mpangilio uleule kila kilima. Buganda, kwa mfano, juu udongo mwekundu, ukishuka unabadilika, unafika kwenye kichanga cha kijivu, halafu kinamasi chenye mafunjo. Kilima kinachofuata, hivyohivyo. Kinachofuata, hivyohivyo. Milne akasema basi tusichore udongo mmoja mmoja, tuchore mfuatano mzima kama kitu kimoja. Akautafutia jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo: katena. Shika mnyororo ncha mbili, uache ulegee katikati, utaona mwenyewe umbo la kilima, bonde, kilima. Mwaka 1935 akalichapisha neno hilo, na mwaka 1936 ramani ikatoka pamoja na kitabu chake cha maelezo.

Huu ni ugunduzi? Ukimuuliza bibi yeyote wa kijijini atakucheka. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko tangu zamani, luseni huku juu, itogolo pale, mbuga kule chini, na kila jina linakwenda na zao lake. Neno mbuga lenyewe wanasayansi walilichukua likaingia kwenye vitabu vyao kama lilivyo. Mimi sioni kwamba hilo linamvunjia Milne heshima. Alichoongeza yeye ni kwa nini: kwamba wa juu na wa chini ni ndugu, maji yanayoshuka yanamnyang'anya mmoja na kumpa mwingine, udongo wa bonde umejengwa na kile kilichotoka kilimani. Usimwelewe mmoja bila mwenzake.

Sasa basi, Milne mwenyewe hakupima gesi. Wakati wake hilo halikuwa swali. Mwaka 1938 ndipo mhandisi mmoja Mwingereza, Guy Callendar, alipochapisha hesabu zake kwamba hewa ukaa ya makaa ya mawe imeanza kuipasha dunia joto, na wengi hawakumwamini. Lakini wanaopima gesi leo wakifika kwenye kilima cha Afrika kitu cha kwanza wanachokitafuta ni ule mnyororo. Tuushuke wote, tuanzie kwetu juu.

Juu kilimani udongo ni mwekundu. Ule wekundu ni chuma kilichopata hewa, kutu kwa lugha yetu. Maji yanapita haraka, hewa imejaa. Hapa gesi kubwa ni hewa ukaa, ya mizizi na ya viumbe. Lakini humohumo kuna bakteria wanaokula methani kutoka hewani. Yaani udongo mkavu wenye mimea yake, hasa wa msitu, unasafisha hewa bure! Ukiugeuza shamba, hiyo kazi inapungua. Halafu kuna mchwa. Matumboni mwao kuna vijidudu vinavyosaga majani makavu na kuti bila hewa, vinatoa methani. Watu waliwahi kuwalaumu mchwa sana, ila kwenye methani yote ya dunia sehemu yao ni ndogo, asilimia chache tu. Na mwaka 2018 watafiti wa Australia wakaonyesha kwamba karibu nusu ya methani ya mchwa inaliwa na bakteria wa kichuguu chenyewe na udongo wa chini yake kabla haijatoka nje. Mkulima anayepanda mahindi yake kwenye kichuguu cha zamani anajua hali ya ule udongo, haihitaji mashine.

Katikati ya mteremko ndiko kwenye ujanja. Udongo unalowa nusu, unakauka nusu. Ukimwaga yurea pale, bakteria wanaibadilisha naitrojeni hatua kwa hatua, na hewa ikipungua baada ya mvua kubwa wengine wanaanza kutumia hiyo naitrojeni badala ya oksijeni. Njiani inachomoka gesi ya oksidi ya nitrasi. Kilo yake moja inashika joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa kwa miaka mia. Na ujue pia hiyo ni pesa yako ya mfuko wa mbolea inayoruka juu. Aliyepanda kunde au choroko katikati ya mistari anapata naitrojeni kutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na mbolea ya dukani anaitaka kidogo.

Bondeni udongo unageuka kijivu au mweusi. Ukiona kijivu ujue maji yamekaa mpaka hewa imeisha, na bakteria wameanza kupumua kwa kutumia chuma, ule wekundu umeyeyuka. Chuma nacho kikiisha zinaingia aina nyingine za vijidudu, vinavyotengeneza methani, gesi inayoshika joto kama mara 28 ya hewa ukaa. Mpunga unaopandwa humo una mirija ndani ya shina ya kupeleka hewa kwenye mizizi, na methani inaipanda mirija hiyohiyo kama moshi kwenye dohani. Ukikausha jaruba kwa siku kadhaa katikati ya msimu, gesi inashuka sana. Lakini bonde hilohilo, kwa sababu vitu haviozi upesi majini, linatunza kaboni nyingi kuliko kilima. Ukilifukuza maji yote ili ulime bustani, mboji ya miaka mingi inaanza kuliwa. Mambo si mepesi, mdau. Na sisi watu wa Pwani mnyororo wetu hauishii hapo, unafika mpaka kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvu. Kule maji ya chumvi yanawazuia watengeneza methani, na tope linafukia kaboni kwa karne.

Desemba 1935 Milne aliondoka kwenye safari ndefu ya kukagua udongo wa sehemu za Tanganyika, mpaka Februari 1936. Tazama hiyo miezi. Ni ya mvua! Aliyewahi kupita mbuga ya udongo mweusi mwezi wa kwanza anajua gari linavyomezwa. Lakini kwa mtu wa udongo ndo wakati mzuri, anaona maji yanakoelekea. Ripoti yake ni ya kusomeka, siyo orodha ya namba. Ndani yake udongo, miti, majani na maisha ya watu vinakwenda pamoja.

Makala yangu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1938 kuhusu Bukoba. Pale alikuta kitu kinachoshangaza macho. Kibanja cha Mhaya, migomba imeshonana, kahawa chini yake, kivuli, udongo mweusi unaonata. Unatoka tu kwenye mpaka wa kijiji unaingia rweya, nyasi kavu, udongo mgumu fukara ambao hata muhogo unaona aibu. Mtu yeyote angesema Wahaya walichagua sehemu zenye rutuba wakajenga. Milne alichimba pande zote mbili. Chini kabisa ni udongo mmoja! Rutuba ya kibanja imetengenezwa. Ng'ombe walilala nyumbani samadi ikabaki, nyasi za rweya zilikatwa zikaletwa kutandikwa sakafuni kisha chini ya migomba, maganda, majivu, taka zote za jikoni, kizazi baada ya kizazi. Viumbe wa udongo walilishwa wakafanya kazi yao.

Lakini hapohapo kuna upande wa pili ambao sisi vijana tukisimulia tunauruka. Rweya ilikuwa inalipa gharama. Nyasi na samadi zilitoka kule kuja huku. Ng'ombe wakipungua, au watu wakiongezeka, kibanja kinaanza kupungua nguvu, na wadau wa Kagera wanajua kwamba hilo limetokea sana toka wakati huo.

Mwaka huohuo 1938 Milne alisafiri kwenda visiwa vya Karibi na Marekani kutazama udongo, akalichukua neno lake huko. Wamarekani wakaanza kulitumia kwa namna yao, kidogo tofauti na alivyokusudia. Akarudi Amani, vita ya pili ikaanza, na mwaka 1942 akafariki. Hakufika miaka 45. Ripoti ya ile safari ya 1935 na 1936 ilikuwa bado haijachapishwa, ikatoka kwenye jarida la ikolojia la Uingereza mwaka 1947.

Huo mwaka 1947 uangalie vizuri. Ndio mwaka serikali ya Uingereza ilipoanza ule mradi wake mkubwa wa karanga, Kongwa kwanza, halafu Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, yakang'oa misitu ya vichaka, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji unavunja majembe ya chuma, mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 wakafunga virago, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Ramani ya Amani ilikuwa kabatini tangu 1936. Sisemi kwamba ingewaokoa, ilikuwa ya kipimo kidogo mno kwa kuchagua shamba. Ila ilitosha kumwambia mtu mwenye akili kwamba achimbe shimo kwanza.

Baada yake utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na majengo ya Amani baadaye yakatumiwa na watafiti wa malaria. Huko Muguga akatokea mwingine, Birch, ambaye alikausha udongo, akaulowesha, akapima. Mwaka 1958 akaeleza kwamba udongo uliokauka ukipata mvua ya kwanza viumbe wake wanaamka kwa fujo, wanakula mboji na miili ya wenzao waliokufa kiangazi, na ndani ya siku chache wanatoa hewa ukaa nyingi na naitrojeni nyingi kwa mpigo mmoja. Dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina lake. Ndiyo maana wazee wanakuhimiza upande mara tu masika yanapogusa ardhi, ile naitrojeni ya mwanzo haisubiri mtu. Neno la Milne nalo, mwaka 1973, likawa jina la jarida la kimataifa la sayansi ya udongo linalotoka hadi leo.

Siku hizi kuna biashara ya kaboni. Serikali ilitoa kanuni zake mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA Morogoro. Kwenye mazungumzo ya vijijini kinachohesabiwa zaidi ni miti, maana inaonekana. Akija mtu kijijini kwenu na karatasi za kusaini, muulize udongo wa bondeni na wa kilimani ameupimaje, au kachimba shimo moja tu pembeni ya barabara.

Kuna jambo moja bado linanisumbua kuhusu huyu bwana. Mashimo yote yale hakuyachimba peke yake. Kulikuwa na vijana wa Kitanganyika wenye sululu na majembe, waliobeba mifuko ya udongo, waliomwambia hapa panaitwaje na pale panaota nini. Ni wengi wenu mna ndugu Muheza, Amani, Korogwe. Kama kuna mdau ambaye babu yake alifanya kazi kituoni pale miaka ya 1930, hata kama ni mtunza bustani au mpagazi, tuandikie jina lake hapo chini na alichokuwa akisimulia. Nitakusanya niyaweke pamoja.